Ghorofa juu ya jahazi la mizigo: jibu kwa anayetaka kuwalisha wageni baharini

*“Assalamu alaykum, mtaalamu. Nina jahazi la futi 56 lililojengwa Nungwi, ambalo kwa miaka mingi lilibeba mbao na saruji baina ya Unguja na Pemba. Nataka sasa liwe chombo cha kuwapa watalii chakula cha jioni mbele ya Forodhani, wageni 40 kwa safari moja. Fundi wangu anashauri tujenge ghorofa ya mbao nyepesi juu ya sitaha ili wageni wote wakae huko na kuona jua likizama. Jiko na mitungi miwili ya gesi viwe tumboni mwa jahazi, mbali na jua na upepo, na choo kiwe tezini, yaani nyuma ya chombo. Tuliweka jukwaa la muda tukawapandisha vijana kumi, na jahazi likazidi kutulia, likawa linayumba polepole kabisa. Fundi anasema hiyo ni dalili njema, na kwamba tukiongeza mawe chini hakutakuwa na la kuogopa. Mbao nimeshanunua. Je, mpango huu uko sawa?”*

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo mengi, lakini nikisoma barua yako naona wasiwasi mmoja: kama jahazi hilo litaweza kuwabeba watu 40 juu ya ghorofa bila kuwatia hatarini. Jibu la swali hilo ni hapana, na vijana wako kumi wamekuonyesha sababu yake, ingawa mlichokiona mlikisoma kinyume. Biashara yenyewe inawezekana, na jahazi linaweza kuifanya vizuri, ikiwa utakubali sitaha moja, wageni pungufu na jiko la namna nyingine.

Jahazi la mizigo hujengwa kwa kutarajia kwamba uzito utakaa ngamani, yaani chini kabisa tumboni mwa chombo. Saruji, boriti na mbao ulizokuwa ukipeleka Pemba zilikuwa shehena, na papo hapo zilifanya kazi ya farumi, yaani zilikiweka chombo kizito chini karibu na mkuku, ule mti mkuu unaopita chini ya chombo kama uti wa mgongo. Ukiitoa shehena ile na kuwakalisha watu juu, unapata chombo kingine kabisa ndani ya mbao zile zile. Kwa hiyo hata ukiniambia kwamba jahazi lilishabeba tani 15 bila tatizo, hoja hiyo haikusaidii kitu hapa, kwa kuwa mfuko wa saruji ukishapangwa haunyanyuki kwenda kupiga picha.

Kila chombo kinachoelea kina nguvu mbili zinazoshindana ndani yake. Uzito wake wote huvuta kwenda chini kupitia nukta moja, ambayo ni kitovu cha uzito, na maji hukisukuma kwenda juu kupitia kitovu cha ile sehemu iliyozama. Chombo kikilala upande, sehemu iliyozama hubadilika umbo, msukumo wa maji husogea kuelekea upande uliolala, na hapo ndipo chombo kinaponyanyuliwa kurudi wima. Wahandisi huchora mstari wa msukumo huo kwenda juu mpaka ukutane na mstari wa katikati ya chombo, na nukta ya makutano huiita metasenta. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokaa chini zaidi ya metasenta, ndivyo chombo kinavyorudi kwa nguvu. Kitovu cha uzito kikipanda hadi kuifikia, nguvu ya kurudi inakwisha, na kikiipita chombo hakiwezi tena kusimama wima.

Jahazi lako sijalipima, kwa hiyo chukua hesabu ifuatayo kuwa mfano wa jahazi la ukubwa huo. Tuseme lina tani 30 bila wageni, kitovu chake cha uzito kiko mita 1.5 juu ya mkuku na metasenta iko mita 2.3, hivyo nafasi baina yake ni mita 0.8, ambayo ni nzuri. Sasa jenga ghorofa ya tani mbili. Mbao nyepesi, nguzo, ngazi, reli, meza na turubai hufika tani mbili upesi kuliko fundi yeyote anavyokisia. Wapandishe wageni 40, kila mmoja kwa kilo 75, ambazo ndizo kilo zinazotumiwa na Shirika la Kimataifa la Bahari katika kanuni yake ya uthabiti ya mwaka 2008. Hizo ni tani tatu nyingine, na uzito huo wote mpya, ghorofa na wageni, kwa wastani uko mita 4.2 hivi juu ya mkuku. Kitovu cha uzito kinapanda hadi mita 1.89, na ile nafasi ya mita 0.8 inabaki mita 0.41. Umeongeza uzito kwa sehemu moja tu ya sita, na nusu ya uthabiti imekwenda.

Sasa fikiria jioni yenyewe, maana chombo hiki kitakuwa na dakika moja ya hatari ambayo inajulikana mapema na itakuja kila siku. Jua linakaribia maji upande wa magharibi, mtu mmoja anasema “tazameni”, na wageni 30 kati ya 40 wanainuka kwa pamoja na kwenda kwenye reli ya upande huo wakiwa wameshika simu. Kila mmoja amesogea mita moja na nusu. Katika mfano wetu, jahazi lenye ghorofa litalala nyuzi 13. Kanuni niliyoitaja haitaki wageni wakijikusanya upande mmoja wakilaze chombo kupita nyuzi 10, na ingawa imeandikwa kwa ajili ya meli za mita 24 na zaidi, ni kipimo kizuri cha kuanzia hata kwa jahazi. Wageni wale wale wakiwa sitaha ya chini bila ghorofa, jahazi hulala nyuzi 8 na nusu. Wakiwa 28 tu, na 21 kati yao wakakimbilia upande mmoja, halifiki nyuzi 6. Mtu aliyeshika glasi ya juisi hujishikiza mezani na kucheka anapohisi nyuzi 6, lakini kwenye nyuzi 13 sahani zinateleza, mtoto anaangukia reli, na watu wanaoogopa hufanya jambo baya kuliko yote, yaani hushikana upande ule ule uliolala.

Nirudi kwa vijana wako kumi. Watu wengi, wakiwemo mabaharia wazoefu, huamini kwamba chombo kinachoyumba polepole ndicho imara na kile kinachopiga mrama wa haraka ndicho hatari. Hali halisi ni kinyume. Chombo chenye nguvu kubwa ya kurudi hurudi upesi, ndiyo maana hutikisa watu na kuwachafua roho. Chombo ambacho nguvu hiyo imepungua hujivuta kwenda na kujivuta kurudi, na abiria wake husifu utulivu. Kwa jahazi lenye upana wa mita 4.8 kwenye usawa wa maji, nafasi ya mita 0.8 hutoa mrama wa takriban sekunde 4.3, kwenda na kurudi, na nafasi ya mita 0.41 hutoa takriban sekunde 6. Mliongeza uzito juu, mrama ukapungua kasi, mkafurahi. Kile mlichokiita kutulia kilikuwa ni uthabiti unaondoka.

Kipimo hicho unaweza kukifanya mwenyewe asubuhi bahari ikiwa shwari. Legeza kamba zote, hakikisha maji chini ya mkuku ni ya kutosha, waambie watu wawili walisukume jahazi kwa mpigo mpaka lianze kuyumba, kisha waache na uhesabu kwa saa ya mkononi sekunde za miyumbo kumi kamili, kila mmoja kwenda na kurudi. Gawa kwa kumi. Zidisha upana wa chombo kwenye usawa wa maji kwa 0.8, gawa kwa sekunde ulizopata, halafu jibu lizidishe kwa lenyewe. Unapata makisio ya ile nafasi kwa mita. Ni makisio tu, kwa sababu hiyo 0.8 hubadilika kidogo kulingana na umbo la chombo, lakini yanatosha kukuambia kama uko mahali pazuri au pabaya.

Fundi wako anasema mawe yatatibu jambo hilo. Farumi ni dawa ya kweli, na wazee wetu waliitumia kwa akili. Tatizo ni kiasi. Ili kukishusha kitovu cha uzito cha jahazi lenye ghorofa na wageni 40 kirudi mita 1.6, utahitaji takriban tani tisa za mawe karibu na mkuku. Jahazi la ukubwa huo huzama sentimita moja kwa kila nusu tani hivi, kwa hiyo ghorofa, wageni na mawe kwa pamoja vitaliteremsha karibu sentimita 30. Ubavu unaobaki juu ya maji unapungua kwa kiasi hicho hicho, wakati wewe umekwishatoboa matundu mapya ya bomba la choo na la jiko ubavuni. Tena mawe yasiyofungwa huhama; jahazi likilala sana yatateremka upande uliolala na kukamilisha kazi. Farumi kidogo, tani moja au mbili, iliyopangwa na kuzuiwa kwa mbao ili isisogee, inafaa sana katika chombo cha sitaha moja, na huko ndiko ninakoishauri.

Kuna na upepo. Nguvu ya upepo huongezeka mara nne kasi yake inapoongezeka mara mbili, na ghorofa yenye turubai pembeni ni ukuta unaosimama juu kabisa ya chombo. Wakati wa upepo wa kusi, hasa baina ya Juni na Agosti, wageni wataona baridi na wataomba mapazia yafungwe, na hapo umejitengenezea tanga usiloweza kulishusha. Pamoja na hilo unalo tanga lenyewe na foromali yake nzito, ule mti unaolibeba tanga. Ushauri wangu ni kwamba foromali ndefu ya mizigo ibaki nchi kavu, utengeneze fupi na nyepesi yenye tanga dogo litakalopandishwa upepo ukiwa mwanana, kwa kuwa wageni wanalipenda tanga na wana haki ya kuliona. Ghorofa na tanga kwa pamoja sikubaliani navyo hata kidogo.

Kwa hiyo njia zilizo mbele yako ni hizi. Ya kwanza, ambayo ningeichagua, ni sitaha moja iliyo wazi, wageni 24 hadi 28, wakikaa kwa mtindo wa kwetu juu ya mikeka na magodoro mafupi yenye mito, meza za chini katikati, viti vya kudumu vya mbao vikiwa pembeni kwa wazee na wenye magoti mabovu. Mgeni akikaa chini badala ya juu ya kiti, uzito wake unashuka karibu sentimita 40, na kwa wageni wote kitovu cha uzito cha jahazi zima kinateremka sentimita tatu hivi bila wewe kulipia jiwe hata moja. Kinachokaliwa kikiwa kimefungwa sitahani, wageni hawawezi kuvuta viti vyao kwenda upande mmoja. Mbao ulizonunua hazitapotea. Zitakuwa sakafu, viti na masanduku ya majaketi okozi. Ukitaka watu waone mbali, inua sakafu ya tezini kwa sentimita 40 tu. Na jua halihitaji ghorofa: nahodha akiielekeza omo, yaani mbele ya chombo, magharibi dakika kumi kabla ya machweo, pande zote mbili zinaona sawasawa na hakuna sababu ya kukimbia.

Njia ya pili ni kuuza jahazi na kununua chombo chenye matumbo mawili, ambacho upana wake hukifanya kigumu sana kulala. Kinabeba wageni wengi kwa raha, lakini kinachukia uzito wa ziada, bei yake ni kubwa, na kusema kweli mgeni aliyekuja Unguja kupanda jahazi hatavutiwa nacho vile vile. Njia ya tatu, kubaki na ghorofa kwa wageni wachache sana, naitaja kwa kuwa utaisikia kwa watu. Tatizo lake ni kwamba siku ya msimu, wageni wakiwa foleni pwani, idadi hiyo haitaheshimiwa. Sisi tuliozika watu wa meli zilizozama, wa Spice Islander Septemba 2011 na wa Skagit Julai 2012 tunajua namna hiyo inavyokwenda.

Jiko sasa, na hapa naomba usikilize kwa makini kuliko popote pengine. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja ndani ya nyumba yenye dirisha inatoka; ikivuja tumboni mwa jahazi inatiririka hadi ngamani na kukaa hapo, haina pa kutokea. Ikifika kama asilimia mbili tu ya hewa ya mahali pale, cheche ya swichi ya pampu ya maji inatosha kuilipua. Kuikinga mitungi na jua kwa kuiweka chini ni kubadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Mtungi ukae juu tezini, ndani ya sanduku lenye kivuli, lililofunikwa na kuzibwa kabisa upande wa ndani ya chombo, lenye tundu la kutolea gesi kwenye sakafu yake kwenda nje baharini. Valvu ifikiwe na mpishi bila kuvuka moto, jiko liwe la aina inayokata gesi yenyewe moto ukizimika, na kifaa cha kunusa gesi kifungwe chini ngamani ambako gesi itafika kwanza. Viungio vipakwe povu la sabuni kila wiki.

Bora zaidi ni kupika nchi kavu. Pilau, samaki wa nazi na pweza vinaweza kuondoka jikoni vikiwa moto sana ndani ya masanduku yanayohifadhi joto, na chombo kikabaki na kazi ya kupasha na kupakua. Sharti ni kwamba chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzijoto 60 na cha baridi kisipande juu ya 5, na kipimajoto cha kuchoma ndani ya chakula kiwe mfukoni mwa mpishi, kisiwe kabatini. Vipasha viwili vya kilowati moja kwa saa tatu, pamoja na taa na jokofu dogo, vinakula kama yuniti nane za umeme. Betri za lithiamu za yuniti kumi zina uzito wa kilo mia hivi, zinachajiwa mchana gatini, na zikikaa chini mahali pakavu zinakusaidia kama farumi. Hapo unaliondoa jenereta pia, na mgeni anasikia maji badala ya mashine. Kukaanga kwa mafuta mengi nakukataza moja kwa moja. Mbele ya Forodhani unapata mawimbi ya boti za mwendo kasi zinazoingia bandari ya Malindi ya hapa Unguja, yanafika dakika kadhaa baada ya boti yenyewe kupita, wakati kila mtu ameshaisahau, na sufuria ya mafuta ya nyuzijoto 180 haitasubiri mtu ajishikize.

Choo kimoja kinatosha, chenye tangi la kuhifadhi taka za kumwagwa nchi kavu, maana hutaki kumwaga mbele ya watu wanaoogelea Shangani. Tangi liwe jembamba. Maji yanayocheza ndani ya tangi pana hukimbilia upande uliolala na kupunguza uthabiti, na athari hiyo inakwenda kwa upana uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe; ukiligawa tangi katikati kwa ukuta mmoja wa urefu, athari inabaki robo. Kanuni hiyo ni moja pia kwa tangi la maji matamu, na kwa maji yaliyoachwa ngamani.

Taa ziwe za chini, za rangi ya joto, zisizomulika macho ya nahodha. Zile kamba za taa nyekundu na kijani za harusini ziache nyumbani, kwa sababu nyekundu kushoto na kijani kulia ni lugha ya vyombo usiku, na anayekuja mbele yako atakusoma vibaya. Majaketi okozi yakae chini ya viti, pamoja na ya watoto, na orodha ya majina ya waliopanda iachwe pwani kila jioni.

Kabla fundi hajakata ubao hata mmoja, nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ukaeleze kwamba unabadilisha matumizi ya chombo kutoka mizigo hadi abiria, kwa kuwa cheti cha mizigo hakikufuati. Idadi ya mwisho ya wageni itatoka kwao, haitatoka kwangu. Omba jaribio la kuinamisha: mifuko iliyopimwa uzito inahamishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, lililoning’inizwa ngamani, bapa lake likiwa ndani ya ndoo ya mafuta ili lisicheze, linaonyesha jahazi limelala kiasi gani. Kwa jahazi la mfano wetu, kilo 300 zikihamishwa mita tatu zitalisogeza timazi la mita mbili kama sentimita saba na nusu. Likisogea mara mbili ya hapo, uthabiti ni nusu. Mwende na fundi wako; anazijua mbao za chombo hicho kuliko mkaguzi yeyote, na akiliona timazi kwa macho yake hamtabishana tena. Vibali vya utalii na vya chakula vina ofisi zake, navyo vifuate baada ya hapo.

Jukwaa la muda literemshe leo. Na ikiwa, wakati lilipokuwa juu au hata sasa, umewahi kuona jahazi likiegama kulia bila sababu, kisha baada ya wimbi moja likahamia kushoto na kubaki huko, usipandishe mtu na usijaribu kulisawazisha kwa kuhamishia uzito upande wa pili, kwa kuwa litabingiria huko kwa nguvu zaidi. Shusha kwanza chochote kilicho juu, nyonya maji yote ngamani, na umwite mkaguzi aje alipo chombo.